Kuchagua Mashine ya Kuoshea Stensili za Lehemu: Somo la Ufundi kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo yamkini msomaji hakutarajia kukutana nalo katika jarida la chama cha Kiswahili: namna ya kuchagua mashine inayoosha stensili za lehemu kwa sauti isiyosikika na sikio la binadamu. Mada yenyewe ilitokana na kazi ya tafsiri. Karakana moja jijini Nairobi inayounganisha bodi za saketi ilitaka maelekezo ya kununua na kutumia mashine ya aina hiyo yaandikwe kwa Kiswahili. Wahudumu wanaoosha stensili kila jioni ndio wanaoijua kazi hiyo barabara, ilhali nyaraka zote za wauzaji zilikuwa za Kiingereza au Kichina. Kazi ikamfikia mwandishi wa makala haya, ambaye mafunzo yake ni ya fasihi.

Mijadala yetu kuhusu istilahi aghalabu huishia katika orodha: neno la kigeni mkono wa kushoto, neno la Kiswahili mkono wa kulia, na mjadala hufungwa. Orodha hizo zina manufaa yake. Hata hivyo, neno la ufundi hupata maana kutokana na kazi linayoifanya, na mfasiri asiyeielewa kazi hiyo anaweza kuteua neno zuri mno ambalo litamuunguza mtu. Hii si tamathali ya usemi, kama tutakavyoona tutakapofikia suala la spiriti. Kwa hiyo tutaanza na kitu chenyewe, maneno yatafuata.

Stensili na rojo lake

Walimu wetu wanaikumbuka stensili. Ilikuwa karatasi yenye nta ambayo karani wa shule aliipiga taipu ili herufi zitoboe ile nta. Kisha ilifungwa kwenye mashine ya kurudufu, wino ukapenya palipotobolewa, na mtihani wa darasa zima ukachapwa. Stensili ya lehemu ni ndugu yake wa karibu kuliko jina linavyoashiria. Ni bamba la chuma kisichoshika kutu, jembamba kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.15, lililotobolewa kwa mwale wa leza. Kila tundu limepangwa mkabala na mahali ambapo mguu wa kijenzi utakaa juu ya bodi. Bamba hilo hugandishwa kwa gundi ya epoksi kwenye wavu wa nyuzi za poliesta, nao wavu umevutwa ukakaza kwenye fremu ya alumini. Fremu iliyozoeleka sana viwandani ni mraba wa inchi 29, yaani karibu milimita 737 kila upande. Vipimo hivyo tutavirudia, kwani ndivyo vinavyoamua ukubwa wa tangi.

Bodi huwekwa chini ya stensili na rojo la lehemu juu yake. Kisu kipana hulisukuma rojo hilo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na linapopita juu ya tundu hulijaza. Bodi ikitenganishwa na stensili, vifungu vidogo vya rojo hubaki juu ya bodi. Vijenzi hupachikwa hapo, bodi hupitishwa katika tanuri, lehemu huyeyuka, na ikipoa hushika.

Rojo lenyewe lina sehemu mbili. Ya kwanza ni chembe za lehemu, viduara vidogo mno. Ya pili ni flaksi, mchanganyiko unaonata wenye kemikali za kuondoa kutu juu ya metali ili lehemu ishike. Tangu Umoja wa Ulaya uanze kutekeleza vikwazo vyake dhidi ya risasi katika vifaa vya elektroniki tarehe 1 Julai 2006, lehemu iliyoenea zaidi ni ile yenye bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5. Ile ya zamani, bati 63 kwa risasi 37, ingalipo madukani na katika karakana nyingi. Chembe za rojo linaloitwa la daraja la 4 zina kipenyo cha mikroni 20 hadi 38. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo kiini cha suala zima kilipo. Tuchukue tundu la mraba lenye upande wa milimita 0.3 katika bamba lenye unene wa milimita 0.1. Rojo lililo ndani ya tundu huvutwa pande mbili. Bodi hulishika kwa chini, na kuta za tundu hulishika kwa ubavuni. Ili bodi ishinde, eneo la mdomo wa tundu ligawanywe kwa eneo la kuta zake, na jawabu lisipungue 0.66. Huo ndio mwongozo wa IPC-7525 ambao wabunifu wa stensili huufuata. Kwa tundu letu, mdomo ni 0.3 mara 0.3, yaani 0.09. Kuta nne ni 4 mara 0.3 mara 0.1, yaani 0.12. Ukigawanya unapata 0.75. Stensili ni nzuri.

Tuseme basi kwamba baada ya kazi ya jana safu moja tu ya chembe, yenye unene wa mikroni 30, imekaukia kwenye kuta za tundu hilo. Upande wa milimita 0.3 sasa umebaki 0.24. Mdomo ni 0.0576 na kuta ni 0.096, jawabu ni 0.60. Stensili iliyobuniwa vyema imeanguka chini ya kiwango, na hata tundu likijaa na kutoa rojo lote, bodi itapata asilimia 64 tu ya lehemu iliyokusudiwa. Mhudumu akiiinua stensili hiyo dirishani ataona matundu yote yako wazi. Safu ya chembe moja haionekani kwa macho matupu. Bodi itakayotoka inaweza kupita majaribio ya kiwandani, kisha kiungo chake dhaifu kikapasuka miezi kadhaa baadaye ndani ya mita ya umeme, redio ya polisi au mashine ya kumtunza mtoto njiti.

Kupangusa hakuwezi kuiondoa safu hiyo. Kitambaa kilicholowa spiriti huondoa rojo lililo juu ya uso wa bamba, lakini humo humo husukuma kiasi kingine ndani ya matundu na kuacha nyuzi zake. Isitoshe, mkono mzito hulipinda bamba. Zipo mashine zinazorusha maji kwa kasi, nazo hufanya kazi nzuri. Aghalabu ni kubwa, zina pampu na mirija mingi, na bei yake huelekea kuwa ya viwanda vikubwa. Karakana ndogo kwa kawaida huishia kutazama mashine za sauti, na ndizo tunazozishughulikia hapa.

Sauti inavyoosha

Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 20. Mashine hizi hutetema juu ya kiwango hicho. Nyuma ya ukuta wa tangi hugandishwa vigeuzi vya kauri maalumu vinavyonyumbuka umeme unapopita ndani yake. Sifa hii ya baadhi ya mawe na kauri iligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Walichoonyesha kwanza ni kinyume chake, yaani kwamba fuwele zikibanwa hutoa umeme.

Ukuta unapotetema, maji hubanwa na kulegezwa maelfu ya mara kwa sekunde. Yanapolegezwa, viputo vidogo huzuka ndani yake. Yanapobanwa, viputo hivyo huporomoka. Mporomoko huo ni wa ghafla na mkali. Mwaka 1917 mwanafizikia wa Uingereza Lord Rayleigh alikokotoa mgandamizo unaotokea kiputo kinapoporomoka, katika juhudi za kueleza kwa nini rafadha za meli zilikuwa zikilika zikiwa majini. Kile kilichokula rafadha za meli ndicho tunachokikodisha, kwa kiasi kidogo, kitung'olee chembe za lehemu kwenye matundu. Kiputo kikiporomoka karibu na ukuta wa chuma, maji huchoma kuelekea ukutani kama mchirizi mwembamba. Viputo huzuka popote wimbi linapofika, hata ndani ya tundu ambamo hakuna brashi iwezayo kuingia.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo kwa ajili ya maneno. Katika rasimu za awali za tafsiri kulikuwa na pendekezo la kuviita viputo hivi "povu". Neno hilo ni jepesi na kila mtu analijua, na ndiyo sababu linapotosha. Povu ni lile la sabuni, linaloelea juu. Mhudumu akiambiwa kwamba kinachoosha ni povu, ataongeza sabuni ya kufulia ili povu liwe tele, na hapo mashine itadhoofika, maana povu humeza sauti na kuipunguza nguvu. Kiputo kinachoosha kinazaliwa na kufa ndani ya maji kwa muda ambao jicho haliwezi kuushika. Sabuni inayofaa ni ile isiyotoa povu. Kwa maneno mengine, neno moja lililoteuliwa kwa kufuata mazoea lingebatilisha kazi ya mashine nzima.

Kadhalika tumetumia "marudio" kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. "Masafa" limezoeleka katika utangazaji wa redio, lakini katika maelekezo yanayozungumzia pia umbali kati ya stensili na ukuta wa tangi lingezua utata. Na "sauti isiyosikika" ni maelezo zaidi ya istilahi. Wapo watakaotaka neno moja lililobuniwa. Mwandishi anaona kwamba maelezo yanayoeleweka papo hapo ni bora kuliko neno linalohitaji tanbihi.

Maswali ya mnunuzi

Muuzaji huanza na nguvu: wati ngapi. Mnunuzi naye huvutiwa, kwa kuwa katika Kiswahili "mashine yenye nguvu" ni sifa isiyo na doa. Tunapendekeza swali hilo lisubiri, na marudio yaulizwe kwanza.

Marudio huamua ukubwa wa viputo. Kadiri marudio yanavyokuwa madogo ndivyo viputo vinavyokuwa vikubwa na mporomoko kuwa mkali. Kwa hesabu ya kukadiria, kiputo kinachoitika vizuri zaidi katika maji kwenye kilohezi 25 kina kipenyo cha karibu mikroni 260. Kwenye kilohezi 40 ni karibu mikroni 160. Kwenye kilohezi 80 ni karibu 80. Linganisha na tundu letu la mikroni 300, au lile la mikroni 250 ambalo vijenzi vya siku hizi hulihitaji. Kiputo cha kilohezi 25 ni kikubwa kuliko tundu hilo la pili. Kina nguvu nyingi mahali pasipohitajika, yaani juu ya uso wa bamba na kwenye mshono wa gundi, ambako kwa muda mrefu kinaweza kudhuru. Vilevile mashine za kilohezi 25 hupiga kelele inayochosha masikio, kwani pamoja na mtetemo wenyewe hutokea mtetemo wa nusu yake, kilohezi 12.5, ambao sikio husikia vizuri sana. Marudio makubwa mno nayo huosha kwa upole uliopindukia, na rojo lililokauka huhitaji muda mrefu kung'oka. Kwa stensili za kawaida kilohezi 40 ni chaguo la wastani, na ndilo lililoenea sokoni. Karakana yenye matundu madogo sana au bamba la nikeli ina haki ya kuuliza kuhusu marudio makubwa zaidi.

Swali la pili kuhusu marudio husahaulika, ingawa lina uzito: je, mashine hutetema kwa marudio yale yale daima, au huyapandisha na kuyashusha kidogo? Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Ukigawa kwa 40,000 unapata wimbi lenye urefu wa sentimita 3.75. Wimbi hilo likigonga ukuta wa pili na kurudi, hujipanga na lile linalokwenda, na kila baada ya nusu ya urefu wake, yaani karibu sentimita 1.9, hutokea mahali palipotulia pasipooshwa. Stensili ni bamba jembamba. Ikisimamishwa sambamba na ukuta inaweza kuangukia mahali hapo palipotulia, na ikatoka na rojo lake. Mashine inayopandisha na kushusha marudio huhamisha mahali hapo kila mara. Zipo pia zenye kitoto kinachoipandisha na kuishusha stensili au kuisogeza mbele na nyuma majini. Isiyo na lolote kati ya hayo ni ya kutiliwa shaka, hata ikiwa bei yake ni ya kuvutia.

Tangi lenyewe ni lazima liimeze fremu yote. Kwa fremu ya inchi 29 iliyosimama wima, tangi lenye upana wa sentimita 80, kina cha sentimita 80 na unene wa sentimita 15 linafaa; ujazo wake ni lita 96. Wapo wanaonunua tangi dogo ili waoshe nusu ya stensili, waigeuze, kisha waoshe nusu ya pili. Njia hiyo huokoa fedha siku ya kununua na kuzila kila jioni baada ya hapo, na mstari wa katikati huosheka vibaya. Muhimu pia ni mahali vigeuzi vilipo. Vikiwa sakafuni mwa tangi refu jembamba, sehemu ya juu ya stensili hupata sauti kidogo. Afadhali viwe kwenye kuta pana, vikiitazama stensili uso kwa uso.

Sasa tunaweza kuuliza kuhusu wati. Kipimo chenye maana ni wati kwa kila lita. Matangi ya aina hii kwa kawaida hupewa wati 10 hadi 25 kwa lita, na tangi kubwa huhitaji kidogo kwa kila lita kuliko dogo. Kwa lita 96, tukichukua wati 15, tunahitaji wati 1,440. Muuzaji anayetaja wati 4,500 huenda amejumlisha na kipasha joto, na hilo lidaiwe maelezo. Kwa umeme wetu wa volti 240, sauti peke yake huvuta ampea 6. Kipasha joto cha wati 3,000 kikiongezwa, jumla ni ampea 18.5, na soketi ya kawaida ya ukutani humudu ampea 13. Fundi wa umeme aitwe kabla ya lori kufika.

Kuhusu joto, wauzaji husifu kipasha joto kikubwa, na ni kweli kwamba kuosha huenda haraka maji yakiwa na uvuguvugu. Lakini tukumbuke ile gundi ya epoksi. Joto pamoja na kemikali huilegeza, bamba likaanza kubanduka kwenye wavu, na stensili iliyogharimu fedha nyingi ikawa chuma chakavu. Kwa stensili zilizogandishwa kwa gundi, maji yasizidi nyuzi 40 za selsiasi au juu yake kidogo, isipokuwa mtengenezaji wa stensili awe ametaja kiwango kingine kwa maandishi. Rojo mbichi halihitaji joto jingi. Joto kali ni la flaksi iliyokwisha kupita tanurini, kazi ambayo si ya mashine hii. Kumbuka pia kwamba sauti yenyewe huyapasha maji. Mashine iwe na kipimajoto kinachoizima. Hata kipasha joto cha wati 3,000 huchukua dakika kama 45 kuyatoa maji lita 96 kutoka nyuzi 20 hadi 40, kwa hiyo kiwashwe mapema, wala kisilaumiwe kwa uvivu.

Sabuni iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya rojo la lehemu. Baada ya kuosha, stensili isuuzwe kwa maji yaliyoondolewa chumvi, kisha ikaushwe kwa hewa. Kiswahili kimetupa vitenzi vinne tofauti, kupangusa, kuosha, kusuuza na kukausha, na maelekezo yasiyovitenganisha humfanya mhudumu aruke hatua. Sabuni ikikaukia tunduni ni uchafu mpya.

Spiriti na moto

Karakana nyingi hupangusa stensili kwa spiriti inayojulikana kama isopropili. Huisafisha flaksi vizuri, na mhudumu aliyeizoea atataka kuimimina katika tangi jipya. Katika baadhi ya maelekezo tuliyoyapitia, dutu ya kuoshea iliitwa tu "dawa" au "kiyeyushi", bila kutajwa ni ipi. Mhudumu mwenye chupa ya spiriti mkononi angeyasoma maneno hayo kama ruhusa.

Isopropili hutoa mvuke unaoweza kushika moto ikifikia takriban nyuzi 12 za selsiasi. Mchana wa Nairobi huzidi kiwango hicho karibu kila siku ya mwaka, sembuse Mombasa. Tangi la sauti huipasha joto, huisukasuka na kuirusha hewani kama ukungu, nalo lina nyaya za umeme chini yake. Mashine ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Zipo zilizotengenezwa maalumu kuzuia mlipuko, kwa bei kubwa zaidi, na muuzaji akidai kwamba yake ni mojawapo atoe cheti. Katika tafsiri yetu sentensi hii iliandikwa kwa herufi nzito, na mwandishi alikataa isipunguzwe: Usitie spiriti, petroli wala kimiminika chochote kinachoshika moto ndani ya tangi. Hapa "dawa" haitoshi, hata kama ni neno fasaha. Sentensi iliyofuata ilikataza mkono kutiwa majini wakati mashine inafanya kazi, kwa kuwa viputo havibagui kati ya rojo na nyama.

Maji machafu

Kiwanda cha elektroniki kiliwahi kuosha bila kuwaza maji yanakokwenda. Kwa miongo kadhaa kiyeyushi kilichopendwa kuondoa flaksi kilikuwa klorofluorokaboni ya aina ya 113, ambayo haiwaki moto wala haidhuru plastiki nyingi. Ilikuja kujulikana kwamba huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa tarehe 16 Septemba 1987 uliiwekea ukomo, na nchi zilizoendelea zikaacha kuizalisha kufikia mwaka 1996. Sekretarieti inayousimamia mkataba huo iko hapa Nairobi, katika makao ya Umoja wa Mataifa huko Gigiri. Sabuni za maji tunazozizungumzia zilienea kwa kiasi kikubwa kutokana na uamuzi huo.

Sabuni za maji nazo zina swali lake. Kila stensili huacha chembe za metali tangini. Ikiwa rojo ni la kizazi cha zamani, chembe hizo zina risasi, na risasi ikimwagwa katika mtaro haipotei. Wakenya hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa mifano ya mbali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, waliamuliwa na mahakama mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo mwaka 2024. Tangi la lita 96 si kiwanda cha betri. Hata hivyo, mhudumu anayelimwaga kila juma hufanya hivyo mwaka mzima, na kwa kawaida mahali pale pale.

Kwa sababu hiyo mashine iwe na pampu na kichujio cha kunasa chembe, na bomba la kutolea maji lililo chini kabisa ya tangi. Kichujio huongeza uhai wa sabuni pia. Chembe zilizonaswa na sabuni iliyochoka zikusanywe katika mapipa yenye kifuniko na kukabidhiwa kwa aliyeidhinishwa na NEMA kushughulikia taka za sumu. Bei ya huduma hiyo iulizwe kabla ya kununua, kwani wanunuzi wengi huiona kwa mara ya kwanza pipa la kwanza linapojaa.

Kuijaribu mashine

Mnunuzi asilipe kabla ya kuiona mashine ikifanya kazi. Jaribio la kwanza halihitaji chombo chochote cha maabara. Maji mapya huwa na hewa ndani yake, na hewa hiyo huvidhoofisha viputo. Kwa hiyo mashine iendeshwe dakika 5 hadi 10 bila kitu ili hewa itoke. Kisha chukua karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, uininginize wima tangini, bila kukunjamana, kwa muda wa dakika moja, na uitoe. Itazame dhidi ya mwanga. Ikiwa imejaa vitobo na vidoa vidogo vilivyosambaa juu, katikati na chini, sauti inafika kila mahali. Ikiwa kuna mistari mizima isiyoguswa, yenye nafasi zinazolingana, umeyaona kwa macho yako yale mahali palipotulia tuliyoyataja. Rudia pembeni mwa tangi, kisha uyachuje maji kuondoa vipande vya alumini.

Jaribio la pili ni la stensili yako mwenyewe, yenye matundu madogo kuliko yote unayotumia, iliyopakwa rojo lako mwenyewe na kuachwa ikauke usiku kucha. Muuzaji hupenda kuonyesha kwa stensili yake iliyotoka kutumiwa dakika tano zilizopita. Ikubali kwa heshima, kisha mpe yako. Baada ya kuosha, kusuuza na kukausha, matundu yatazamwe kwa hadubini kutoka pande zote mbili, hasa ya pembeni karibu na fremu. Mshono wa gundi utazamwe pia, ukilinganishwa na picha iliyopigwa kabla. Ukiweza, iache stensili hiyo kwa muuzaji ioshwe mara 20 mfululizo, kisha upime mkazo wa bamba lake kama ulivyoupima siku ulipoileta.